Kutoka Tanga hadi Ushongo: Pwani ya Pangani na Yanayomsubiri Mgeni wa Kipupwe

Masika yanapokatika mwishoni mwa Mei na upepo wa kusi kushika majira yake, pwani ya Tanga huingia katika miezi yake mizuri ya safari. Kuanzia Juni hadi Septemba jua halichomi sana, njia za vijijini zimekauka na mashamba yangali ya kijani. Katika kipindi hicho shule hufungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka, na familia nyingi hutafuta mahali pa kupeleka watoto pasipo gharama ya kwenda mbali.

Makala haya yanaeleza njia moja ya safari ya namna hiyo. Inaanzia Jiji la Tanga, inafuata bahari kuelekea kusini kupitia Machui, Tongoni na Kigombe, inafika mji wa Pangani, inavuka mto na kuishia ufukwe wa Ushongo. Njia yote haifiki kilomita 80. Hata hivyo ndani yake mna kaburi la mwandishi mkubwa wa Kiswahili, magofu ya mji wa karne nyingi, samaki aliyedhaniwa kutoweka duniani, shamba lililozaa zao la mkonge nchini, na kisiwa kilichopoteza miti yake yote.

Upo pia wakati maalumu wa kuieleza njia hii. Barabara ya Bagamoyo, Saadani, Pangani hadi Tanga, yenye urefu wa kilomita 256, imo katika mradi wa ujenzi kwa kiwango cha lami, pamoja na daraja la mita 525 la kuvuka Mto Pangani. Kwa miaka mingi anayetaka kwenda ng'ambo ya pili, Bweni, amekuwa akisubiri pantoni. Daraja litaondoa adha hiyo kwa mgonjwa, mwanafunzi, mkulima na mvuvi anayewahi soko. Litawaleta pia wageni wengi zaidi kuliko ilivyopata kuwa. Manufaa ya wageni hao kwa vijiji vya njiani yatategemea jambo moja: kama watasimama na kuelewa wanachokiona, au watapita moja kwa moja hadi hotelini.

Machui: nyumbani kwa mwandishi

Kilomita chache kusini mwa Jiji la Tanga kuna Machui, kijiji cha minazi na miembe kilicho karibu na bahari. Katika eneo hilo, mahali paitwapo Vibambani, ndipo alipozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Alifanya kazi katika idara ya forodha na ofisi nyingine za serikali ya kikoloni, na wakati huohuo akaandika mashairi, riwaya na insha ambazo zimesomwa na vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki. Alifariki dunia Juni 20, 1962, miezi michache baada ya Tanganyika kupata uhuru, na akazikwa Machui.

Kwa mwanafunzi aliyesoma kazi zake darasani, kufika hapa kuna faida isiyopatikana kitabuni. Lugha aliyoitumia haikutoka hewani. Ilikua katika mazingira ya mashua, mashamba, misikiti na masoko ya pwani hii, na maneno mengi yanayoonekana magumu katika vitabu vyake bado yamo midomoni mwa wazee wa vijiji hivi. Wataalamu wa lugha huitaja lahaja ya Kimtang'ata kuwa ya ukanda huu, na anayesikiliza kwa makini mazungumzo ya barazani atatambua tofauti yake na Kiswahili cha redioni.

Tongoni: mji uliobaki makaburi

Mbele kidogo ya Machui, kando ya barabara hiyo ya Pangani, kuna magofu ya Tongoni. Hapo pamebaki msikiti wa kale na makaburi takriban 40, mengi yakihesabiwa kuwa ya karne ya 14 na 15. Baadhi yalijengwa kwa nguzo ndefu za mawe, mtindo wa maziko unaopatikana katika mwambao wa Waswahili, na Tongoni ni miongoni mwa mahali penye mkusanyiko mkubwa wa makaburi ya namna hiyo.

Ujenzi wake ni somo kamili la matumizi ya bahari. Mawe yalikuwa matumbawe. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo, kisha ikachanganywa na mchanga na maji kuwa udongo wa kujengea. Katika baadhi ya nguzo yanaonekana mashimo ya mviringo ambamo mabakuli ya kigeni yalipachikwa kama pambo, ishara kwamba watu wa hapa walifanya biashara na nchi za mbali. Mabakuli yenyewe hayapo tena, na nguzo nyingi zimeanguka.

Mahali hapa pamo pia katika historia ya mabaharia wa Ureno. Mwaka 1498 meli moja ya msafara wa Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama kwenye mafungu ya bahari mbele ya Mtang'ata, jina la zamani la eneo hili. Kumbukumbu za safari hiyo zinaeleza kuwa wenyeji walizikaribia meli wakiwa na machungwa, na wageni wakayasifu kuwa bora kuliko ya kwao Ureno. Januari 1499, katika safari ya kurudi, meli hiyo ilichomwa moto karibu na hapo kwa sababu mabaharia waliosalia baada ya maradhi hawakutosha kuziendesha meli zote. Zaidi ya karne tano baadaye, anayetoka Segera kuja Tanga bado hupita katikati ya machungwa ya Muheza yaliyopangwa kando ya barabara.

Tongoni ni eneo la mambo ya kale linalolindwa kisheria. Mgeni hatakiwi kupanda juu ya makaburi, kuchonga jina wala kuondoka na kipande chochote. Ikumbukwe pia kuwa kwa wenyeji hapa ni makaburini, na adabu ya makaburini ndiyo inayofaa.

Kigombe: samaki wa zamani na nyavu za leo

Baada ya Tongoni barabara hupita katika mashamba ya mkonge hadi Kigombe, kijiji cha wavuvi. Bahari iliyo mbele ya vijiji hivi imo katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyotangazwa mwaka 2009. Silikanti ni samaki mkubwa wa kina kirefu ambaye wanasayansi walimjua kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu, wakaamini alitoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Mwaka 1938 mmoja alivuliwa Afrika Kusini akiwa hai. Kuanzia miaka ya 2000 wengine wakaanza kunaswa katika nyavu za wavuvi wa mwambao wa Tanga.

Mgeni hatamwona silikanti, kwa kuwa huishi kwenye mapango ya chini ya bahari kwenye kina cha makumi hadi mamia ya mita. Atakachokiona ni kazi ya uvuvi inayomgusa samaki huyo. Nyavu zinazoshushwa kwenye kina kirefu kutafuta papa ndizo zinazomnasa, naye hana thamani kubwa sokoni. Kwa hiyo kumlinda kunahitaji makubaliano na mvuvi kuhusu aina ya nyavu na mahali pa kuzitega. Hiyo ndiyo sababu hifadhi za bahari nchini, zinazosimamiwa chini ya Sheria Namba 29 ya mwaka 1994, hufanya kazi pamoja na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vilivyomo vijijini.

Tatizo jingine lililowahi kuutesa mwambao huu ni uvuvi wa baruti. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa kwa wadogo na kuvunja matumbawe ambayo huchukua miongo kadhaa kukua. Anayefanya hivyo hupata samaki wa siku moja na kuharibu mazalia ya miaka mingi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inapiga marufuku uvuvi huo, na mnunuzi wa samaki, akiwamo mgeni, ana sehemu yake katika kuutokomeza: kutonunua samaki anayetiliwa shaka na kutoa taarifa kwa ofisi ya kijiji au ofisa uvuvi.

Mkonge na walioulima

Mistari iliyonyooka ya mkonge inayoonekana pande zote za barabara ina asili inayojulikana vizuri. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, kupitia Hamburg. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Ilipandwa Kikogwe, ng'ambo ya Mto Pangani, na kutokana na hiyo yakaenea mashamba ya Tanga, Morogoro na kwingineko. Kufikia mwaka 1964 Tanzania ilizalisha takriban tani 230,000, kiwango cha juu kabisa katika historia ya zao hilo nchini. Baadaye kamba za plastiki zilishusha bei duniani, na mashamba mengi yakageuka vichaka. Leo zao hilo linafufuliwa, wakiwamo wakulima wadogo.

Jani la mkonge hutoa nyuzi kwa kiasi cha takriban asilimia 4 tu ya uzito wake, na sehemu kubwa iliyobaki ni maji na makapi. Majani hukatwa kwa mkono, hufungwa mafungu na kupelekwa kwenye korona, mashine inayokwangua nyama ya jani na kuacha nyuzi. Nyuzi huoshwa, huanikwa juani hadi zing'ae, husuguliwa kwa brashi na kufungwa robota.

Kazi hiyo ilihitaji watu wengi kuliko waliokuwapo pwani. Wakati wa ukoloni wafanyakazi wa mkataba, waliojulikana kama manamba, walitoka Kigoma, nyanda za juu kusini, Burundi na Msumbiji. Wengi hawakurudi. Ndiyo maana katika vijiji vya Pangani, pamoja na Wazigua, Wabondei na wenyeji wengine wa mwambao, wapo watu ambao babu zao walizaliwa mamia ya kilomita kutoka baharini, na ngoma za bara huchezwa katika sherehe za pwani bila mtu kushangaa.

Pangani na mto wake

Mji wa Pangani umekaa ukingo wa kaskazini wa mto, pale maji matamu yanapokutana na bahari. Katika karne ya 19 ulikuwa miongoni mwa bandari kubwa za mwambao. Misafara iliyotoka bara kuelekea kaskazini, hadi Kilimanjaro na nchi ya Wamasai, ilianzia na kuishia hapa. Pembe za ndovu ziliteremshwa hapa, na pamoja nazo watu waliotekwa na kuuzwa utumwani. Kandokando ya mto palilimwa miwa kwa nguvu za watumwa hao. Majumba ya zamani ya mji huu, yenye kuta nene na milango ya mbao iliyochongwa, yamebeba historia zote mbili, ya utajiri na ya mateso, na mwongozaji mwaminifu hawezi kueleza moja akaacha nyingine.

Mwaka 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipochukua utawala wa forodha za mwambao, Pangani ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kukataa. Upinzani huo uliongozwa na Abushiri bin Salim, na ukaenea katika miji mingine ya pwani, ambako Bwana Heri wa Saadani naye alipambana na Wajerumani. Abushiri alikamatwa na kunyongwa hapa Pangani Desemba 1889.

Mto wenyewe una maelezo yake. Maji yake hutoka kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, hukusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha hushuka kupitia mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani Falls kabla ya kufika hapa. Njiani humwagilia mashamba na kunywesha miji ya mikoa kadhaa. Kwa hiyo anayesimama kwenye gati la pantoni anatazama maji yaliyobaki baada ya wengine wote kutumia. Yanapopungua, bahari hupata nafasi: maji ya chumvi hupanda juu mtoni wakati wa kujaa, na wakulima wa mabondeni huona mashamba yao yakiharibika na visima vikibadilika ladha. Ndiyo sababu mgawanyo wa maji, unaosimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ni habari ya Arusha na Moshi kama ilivyo habari ya Bweni.

Safari ya mashua kwenda juu ya mto ni miongoni mwa vivutio vya mji huu. Mikoko hutangulia, kisha minazi, kisha mashamba. Mikoko hiyo inazuia kingo zisiliwe na maji, na mizizi yake ni malezi ya kamba, kaa na samaki wadogo. Wanaopita wasidanganywe na utulivu wa maji: mto huu una mamba, na si mahali pa kuogelea.

Jiko la pwani na mnazi wake

Anayetaka kuelewa chakula cha Pangani aanze na nazi. Hukunwa kwa mbuzi, kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, kisha machicha hutiwa maji ya vuguvugu na kukamuliwa katika kifumbu au chujio. Tui la kwanza ni zito na huwekwa kando. La pili na la tatu ni jepesi, nalo ndilo linalotangulia jikoni kuivishia wali, kunde, mchicha au samaki. Tui zito huingia mwishoni, moto ukiwa mdogo, na huchochewa bila kuachwa hadi litokote, kwani likipuuzwa hukatika. Mpangilio huo rahisi ndio unaotofautisha mchuzi wa nazi wenye ladha na ule ulioharibika.

Katika samaki wa kupaka, samaki huchomwa kwanza juu ya makaa, akiwa amekolezwa chumvi, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi, kisha hupakwa tui zito lenye pilipili mara kadhaa hadi limkauke mwilini. Bada, ugali wa unga wa muhogo mkavu, huliwa kwa mchuzi wa samaki, na hutukumbusha kuwa muhogo ndio umekuwa mwokozi wa kaya za hapa mvua zinapokosekana. Asubuhi kuna vitumbua na mkate wa kumimina, vinavyotokana na mchele uliorowekwa na kusagwa, nazi, hamira na iliki. Mchele na iliki vinatukumbusha uhusiano wa bahari hii na Asia, muhogo ulitoka Amerika ya Kusini kupitia Wareno, na nazi ikaviunganisha vyote.

Mnazi hauishii chunguni. Makuti huezeka nyumba. Kifuu huwa upawa au kuni. Makumbi hufukiwa katika matope ya pwani kwa miezi kadhaa hadi yaoze, kisha wanawake huyapiga kwa vigongo kupata usumba wa kusokota kamba. Kwa hiyo mnazi mmoja unaozeeka bila kupandwa mwingine ni hasara ya mapishi, ya paa na ya kipato cha kina mama kwa pamoja.

Jioni, chakula kikishaliwa, pwani hii huwa na taarabu. Tanga ilikuwa kitovu cha mageuzi ya muziki huo katika miaka ya 1960 kupitia vikundi vya Black Star na Lucky Star, vilivyopunguza idadi ya wapigaji, vikaingiza magitaa na kuufikisha muziki huo Mombasa hadi Burundi. Miongoni mwa sauti zake mashuhuri ni Bi Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani, aliyefariki dunia mwaka 2016.

Maziwe: kisiwa kinachoonekana kwa saa chache

Ng'ambo ya mto, kilomita takriban 15 kusini, upo ufukwe wa Ushongo, wenye mchanga mweupe na minazi. Kutoka hapo mashua hupeleka wageni Maziwe. Kwenye ramani za zamani Maziwe ni kisiwa. Kilikuwa na miti, na kilijulikana kuwa mahali muhimu sana pa kutagia kasa katika mwambao wa Tanzania. Mwaka 1975 kikatangazwa kuwa hifadhi tengefu. Lakini miti ilikuwa imeanza kukatwa na mchanga kumomonyoka, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakikuwa na mti hata mmoja. Leo Maziwe ni fungu la mchanga linalotokeza maji yanapokupwa na kumezwa yanapojaa.

Kasa hawakupata habari hiyo. Jike hurudi kutaga katika eneo alikoanguliwa, na baadhi bado hupanda Maziwe usiku na kufukia mayai ambayo bahari itayafunika. Kwa sababu hiyo, kwa miaka kadhaa sasa wahifadhi na wanakijiji wamekuwa wakiyahamisha mayai hayo na kuyafukia upya katika ufukwe wa Ushongo, juu ya kiwango cha maji. Baada ya takriban siku 50 hadi 60 vitoto huanguliwa na kukimbilia baharini. Wageni huruhusiwa kushuhudia kwa utaratibu, na mchango wanaoutoa huwafikia wanaoyalinda mayai. Kiota kilichokuwa na thamani ya mlo mmoja kimekuwa na thamani ya kipato cha kila msimu.

Habari ya Maziwe ndiyo inayobeba uzito wa safari yote. Tangazo la serikali lilitoka, lakini halikuweza kurudisha mchanga. Kinachofanyika sasa Ushongo ni kazi ya mikono ya watu, usiku kwa usiku, kufidia kile ambacho miti ilikuwa ikikifanya bila malipo. Matumbawe, mikoko na kuta za Tongoni bado vipo, navyo kuvilinda leo ni nafuu kuliko kuvifidia kesho.

Mambo ya kuzingatia kwa anayesafiri

Kutoka Dar es Salaam hadi Tanga ni takriban kilomita 350 kwa njia ya Chalinze na Segera. Pangani hufikiwa kutoka Tanga kwa barabara ya pwani, au kutoka Muheza. Wakati wa ujenzi wa barabara na daraja, ni vyema kuuliza hali ya njia na ratiba ya pantoni kabla ya kuondoka.

Safari ya Maziwe hupangwa kwa maji, si kwa saa ya mkononi. Tofauti ya maji kupwa na kujaa huzidi mita 3 wakati wa bamvua, na fungu la mchanga huonekana vizuri zaidi siku hizo kuliko siku za maji mafu. Kusi huchafua bahari mchana, hivyo manahodha wengi hupendelea asubuhi. Nahodha akisema leo haiendeki, neno lake liheshimiwe. Kila abiria avae jaketi la kujiokolea, watoto wakiwa wa kwanza.

Ada za kuingia katika hifadhi za bahari, maeneo ya kale na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyo kusini zaidi kwa wanaotaka kuendelea na safari hadi mahali wanyamapori wanapofika ufukweni, hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Mgeni adai stakabadhi. Asiyeipata ajue fedha yake haikufika ilikokusudiwa.

Vijiji vya njia hii kwa sehemu kubwa ni vya Waislamu. Mavazi ya ufukweni yabaki ufukweni. Picha za watu, hasa wanawake na watoto, zipigwe kwa ruhusa. Anayeingia barazani aanze na salamu, na wazee waamkiwe kwa shikamoo kabla ya swali lolote. Makombe, matumbawe na vipande vya gamba la ng'amba visinunuliwe wala kubebwa. Badala yake yapo mazao ya mikono yanayoweza kununuliwa bila kuipunguza bahari: vikapu na kamba za mkonge, mikeka, mafuta ya nazi na viungo.

Mwisho, mgeni aache fedha njiani. Dafu la Kigombe, vitumbua vya mama wa Pangani, mwongozaji wa Tongoni, mashua ya mvuvi wa Ushongo na malazi ya kijijini ni malipo madogo kwa msafiri, lakini ndiyo yanayomfanya mwenyeji aone kuwa kasa, mkoko na ukuta wa kale vina faida vikiwa hai na vikiwa vimesimama. Daraja likishafunguliwa, kuvuka Mto Pangani kutachukua dakika chache tu. Muda utakaookolewa kwenye foleni ya pantoni unatosha kabisa kusimama Bweni, kuuliza njia ya Kikogwe, na kusikia kwa wenyeji habari za miche 62.